Kupima mkao wa shingo na uti wa mgongo kabla ya masaji: mnaanzia wapi?

mikono_miwili

Habari za kazi wakuu. Nafanya masaji ya tiba, na wateja wanaonijia zaidi ni wale wa shingo, mabega na mgongo wa juu. Kabla mteja hajapanda kitandani namsimamisha, namtazama mbele na nyuma, kisha naandika kwenye fomu: "kichwa kiko mbele, bega la kulia limeshuka, mgongo umepinda kidogo." Shida ni kwamba akirudi baada ya muda nikamtazama tena, sioni kilekile. Sijui kama masaji imesaidia au jicho langu ndilo linalobadilika.

Naomba mnielekeze. Mteja asimame vipi ili nione mkao wake halisi? Nitazipataje alama za mifupa bila kubahatisha? Nikiona kichwa kimetangulia, nitajuaje kama ni misuli iliyokaza au ni umbo la mifupa ambalo mikono yangu hailiwezi? Na ni lini niache kabisa, nimwambie aende kwa daktari?

fizio_wa_zamu

Mkuu, nianze na kumsimamisha, maana vipimo vingi huharibikia hapo. Ukimwambia mteja "simama wima nikuangalie," papo hapo anajikaza: anavuta mabega nyuma, anabana tumbo, anainua kidevu. Huo si mkao anaoishi nao. Avue viatu, nywele ndefu zifungwe juu ili shingo na kisogo vionekane, na mgongo uwe wazi kadiri anavyoridhia mwenyewe. Kisha afumbe macho, akanyage palepale mara 5 au 6, aitikie kwa kichwa juu na chini mara 2 au 3, halafu atulie miguu ilipotua. Hapo afumbue macho na kutazama mbele. Usimpange miguu. Wayo uliogeukia nje au uliotangulia ni taarifa, na ukiusawazisha umeifuta. Mwache apumue kidogo kabla hujaandika, kwa sababu mabega hushuka mahali pake pumzi ikishatulia.

Wewe simama umbali wa mita 2 hadi 3, na macho yako yawe usawa wa kile unachokikagua. Ukikagua nyonga, chuchumaa. Ukizitazama kutoka juu utaona mshazari ambao haupo.

Tundika timazi, hata uzi wenye kitu kizito unatosha. Ukimtazama kwa ubavuni, uzi upite mbele kidogo ya kifundo cha nje cha mguu, kisha soma kutoka chini kwenda juu. Katika mkao unaochukuliwa kuwa wa kawaida uzi hupita mbele kidogo ya katikati ya goti, kwenye mfupa wa paja unaochomoza pembeni mwa nyonga, katikati ya bega, na kwenye ndewe ya sikio. Ukimtazama kwa nyuma, uzi uwe katikati ya visigino viwili. Tunaanzia chini kwa sababu nyayo ndizo zilizotulia. Vilivyo juu yake vyote vinayumba.

Kuna mtego mmoja hapa. Mtu aliyesukuma nyonga mbele na kulaza kifua nyuma anaweza kuwa na sikio lililokaa sawasawa kwenye uzi, ukaandika kwamba kichwa hakina neno, kumbe kimetangulia sana ukilinganisha na kifua chake. Kwa hiyo kichwa kipime mara mbili, kwanza kwa uzi, kisha kwa pingili ya 7 ya shingo.

Kuipata hiyo pingili, mwambie ainamishe kichwa na uguse vifupa viwili vinavyochomoza zaidi pale shingo inapoishia. Ncha za vidole viwili zibaki hapo, kila kimoja juu ya kifupa chake. Sasa ainue uso taratibu kutazama juu. Pingili ya 6 huteleza mbele na kupotea chini ya kidole, ya 7 inabaki. Usitegemee ukubwa wa kifupa peke yake, kwani kwa baadhi ya watu pingili ya kwanza ya kifua ndiyo inayochomoza kuliko zote.

Ukishaipata hiyo, nyingine huja kwa urahisi. Mikono ikiwa imening'inia, mzizi wa ule ukingo mkali unaopita juu ya kombe la bega uko karibu na pingili ya 3 ya kifua. Ncha ya chini ya kombe iko karibu na ya 7. Viganja ukiviweka juu ya mifupa ya nyonga, mstari unaoviunganisha unapita karibu na pingili ya 4 ya kiuno, na vile vishimo viwili juu ya matako viko usawa wa pingili ya 2 ya sakramu (mfupa ulio chini ya kiuno, katikati ya nyonga). Yote haya ni makadirio, mtu na mtu hutofautiana kwa pingili moja hivi. Tia alama kwa kalamu inayofutika, ndipo urudi nyuma utazame. Ukikagua bila alama, siku nyingine utakagua mahali pengine na kudhani mteja amebadilika.

Kuhusu bega la kulia kushuka: bega la mkono anaoutumia mtu zaidi mara nyingi huwa chini kidogo. Liandike, lakini usilitibu kwa sababu hiyo tu. Linganisha pia nafasi kati ya mkono na kiuno pande zote mbili, urefu wa ncha za chini za makombe, na umbali wa ukingo wa ndani wa kombe kutoka kwenye uti wa mgongo. Sm 5 hadi 7 ni kawaida, ila tofauti ya upande na upande ina maana kuliko namba yenyewe.

pingili24

Fizio ameeleza vizuri sehemu ya kutazama. Mimi naweka mkazo kwenye hatua inayofuata, kwa sababu mkao wa kusimama peke yake hauwezi kukwambia maumivu yanatoka wapi. Wapo wengi wenye kichwa mbele na hawaumwi popote, na wapo walionyooka kama mshale wanaoshindwa kugeuza shingo. Unachokiona kwa jicho kichukulie kama dhana. Mwendo ndio unaoithibitisha au kuikanusha.

Umeuliza kuhusu misuli au mifupa. Njia ni kubadilisha kitu kimoja tu, kisha kutazama kama ulichokiona kinabadilika nacho.

Kwa kichwa kilichotangulia, mlaze chali bila mto. Kisogo kikigusa kitanda na uso ukatazama dari pasipo kidevu kupanda, shingo na mgongo wa juu bado vinalegea, na kazi ya mikono ina nafasi kubwa. Kisogo kikigusa kitanda kwa gharama ya kidevu kuelekea juu na koo kutanuka, mgongo wa juu ndio uliokakamaa, na shingo inajikunja ili kuufidia. Huyo mpe mto kabla hujamgusa. Ukitaka namba, tumia ukuta: visigino, matako na mgongo viguse ukuta, kidevu kibaki usawa, na upime kwa rula kutoka kisogoni hadi ukutani. Kawaida ni sm 0. Simamia hapo kwenye kidevu, kwa sababu kila mteja hujaribu kukiinua ili kisogo kifike, na kipimo kinakuwa hakina maana.

Mgongo wa juu uliobinuka ujaribu hivi: alale kifudifudi, ajiinue kwa viwiko, aache kifua kining'inie. Ubinukaji ukipungua, ni wa mkao. Ukibaki vilevile, ni wa mifupa au wa maungio yaliyokakamaa, na usimwahidi kuunyoosha. Pia gusa kwanza kabla ya kuandika "kibiongo." Mafuta yanayojikusanya juu ya pingili ya 7 ya shingo humfanya mtu aonekane ameinama, ilhali vidole vikipita kwenye nyama laini na kufika mfupani utakuta pingili zimepangika kawaida.

Shingo yenyewe ipime akiwa ameketi, nyayo zote chini, mikono juu ya mapaja. Kugeuka kushoto na kulia ni takriban nyuzi 70 hadi 80, yaani pua inakaribia kufika usawa wa bega. Kulaza sikio kuelekea bega ni takriban nyuzi 45. Akiinama, kidevu kiguse kidari au kikaribie sana. Akiinua uso, paji lake likaribie kuwa sambamba na dari. Viungo vingine vitajaribu kusaidia: kifua kitageuka pamoja na shingo, na bega litapanda kulifuata sikio. Weka kiganja chako juu ya bega ili ulihisi linapoanza kusogea, hapo ndipo mwendo wa shingo ulipoishia.

Kisha fanya jaribio ambalo kwa maoni yangu lina faida kuliko yote kwa mtu wa masaji. Simama nyuma yake, pitisha mikono yako chini ya mikono yake, uinue mabega yake sm 2 au 3 ili uzito wake uubebe wewe. Mwambie ageuze shingo tena. Ikigeuka zaidi au maumivu yakipungua, kizuizi kiko kwenye misuli inayounganisha shingo na bega: trapezi ya juu na ule msuli unaoinua kombe la bega. Hapo unajua pa kuanzia. Kama hakuna kilichobadilika, kukanda mabega kwa saa nzima hakutafungua shingo hiyo. Tafuta kwenye misuli midogo chini ya kisogo na kwenye maungio ya pingili.

Kwa wale wenye maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni, mlaze chali, ukunje shingo kikamilifu mpaka kidevu kifike kidarini, kisha ukiwa umekishikilia hapo ugeuze kichwa taratibu kila upande. Shingo ikikunjwa hivyo pingili za chini zinakazwa, na mwendo unabaki zaidi kati ya pingili ya 1 na ya 2, ambako kwa kawaida hutoka karibu nusu ya mgeuko wote wa shingo. Tegemea nyuzi 40 hadi 45 kila upande. Upande mmoja ukipungua kwa nyuzi 10 au zaidi, andika. Jaribio hili usilifanye kwa mtu aliyeumia shingo karibuni, mwenye kizunguzungu, au mwenye baridi yabisi ya rumatoidi.

Mgongo uliopinda kwa upande: miguu pamoja, magoti yamenyooka, viganja vimekutana, ainame polepole huku mikono ikining'inia. Kaa nyuma yake, macho yako yawe usawa wa mgongo, na utazame kama ubavu mmoja unanyanyuka kuliko mwingine. Rudia akiwa ameketi. Mpindo ukipotea alipoketi, chanzo kiko miguuni au kwenye nyonga. Ukipotea alipoinama tu, ni wa misuli au wa mkao. Nundu ikibaki katika hali zote mbili, pingili zenyewe zimejizungusha. Masaji itampunguzia mkazo na maumivu, haitaunyoosha mgongo, na ni haki yake kuambiwa hivyo waziwazi. Akiwa ni mtoto au kijana ambaye bado anakua, mwambie mzazi ampeleke kwa daktari mapema, maana kipindi cha kukua haraka ndicho mpindo huongezeka.

mikono_miwili

Asanteni sana, wakuu. Hilo la kuinua mabega nalifanyia kazi mara moja. Naomba kuongeza mawili. Kuna mteja anayekuja amelalia upande mmoja, kifua kimehamia kushoto na nyonga zimebaki kulia, kiuno kimekaza kama ubao. Huyo nimnyooshe? Na picha za simu zinasaidia au ni kujisumbua?

Nuru_tiba

Usimnyooshe, ndugu yangu. Kifua kikihama ghafla hivyo pamoja na maumivu makali ya kiuno, mara nyingi mwili unakwepa kitu kinachouma, na diski (ule mto ulio kati ya pingili) iliyochomoza ni mojawapo ya sababu za kawaida. Ile misuli iliyokaza ndiyo inayomlinda. Ukiilegeza kwa nguvu anaweza kushuka kitandani akiwa na maumivu zaidi ya aliyokuja nayo. Mpe mkao unaompunguzia maumivu, kwa wengi ni kulala kwa ubavu na mto katikati ya magoti. Kanda kwa wepesi mbali na eneo lenyewe, na muulize kuhusu mguu: maumivu yanashuka hadi wapi, kuna ganzi, je anaweza kusimama kwa visigino na kwa vidole?

Hili linanileta kwenye lile swali lako la mwanzoni, la lini uache na umwambie aende kwa daktari, ambalo wenzangu wamelipitia kwa mbali. Maswali yanatangulia timazi. Kabla hujamgusa mtu shingo, uliza haya yote, hata kama anaonekana mzima.

Kuna ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, mkojo umeziba au unatoka bila kujizuia, haja kubwa haishikiki, au miguu yote miwili imelegea? Huyo anakwenda hospitali wakati huohuo, si kesho. Mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo inaweza kuwa inabanwa, na saa zina maana.

Mikono yote miwili ina ganzi, vidole vimekuwa vizito kufunga vifungo, anayumba akitembea? Hizo ni dalili za uti wa mgongo kubanwa shingoni. Usiguse shingo hiyo.

Maumivu makali ya shingo au kichwa yaliyoanza ghafla, ambayo hajawahi kuyapata, pamoja na kizunguzungu, kuona viwili, ulimi kuwa mzito, shida ya kumeza, ganzi ya uso, au kuanguka bila kupoteza fahamu? Mshipa wa damu wa shingo unaweza kuwa umechanika ndani. Hakuna masaji hapo, ni dharura.

Ajali au kuanguka karibuni, hasa kwa aliyefikisha miaka 65, ni sababu ya kupimwa hospitali kwanza. Vivyo hivyo homa yenye maumivu ya mgongo, kupungua uzito bila sababu, maumivu ya usiku yasiyotulia kwa mkao wowote, au historia ya saratani. Mzee au mtu aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, ambaye amepungua kimo na ana maumivu ya ghafla katikati ya mgongo, anaweza kuwa na pingili iliyopondeka kwa sababu ya mifupa kudhoofika. Kumkandamiza kifudifudi kunaweza kuongeza madhara. Na wenye baridi yabisi ya rumatoidi au Down syndrome wanaweza kuwa na pingili mbili za juu zisizo imara. Usivute wala usizungushe vichwa vyao.

Ganzi ya mkono mmoja isiyoongezeka si dharura, lakini andika kidole. Kidole gumba huelekeza zaidi kwenye neva ya 6 ya shingo, cha kati ya 7, kidole kidogo ya 8. Mkono ukipoteza nguvu, apelekwe kwa daktari.

Jambo la mwisho upande wangu: unapopapasa mbele ya shingo, shughulikia upande mmoja kwa wakati, kamwe usibane pande zote mbili pamoja. Ukihisi mpigo chini ya kidole, ondoka hapo, uko juu ya mshipa mkubwa wa damu.

fizio_wa_zamu

Nuru ametaja yaliyo ya lazima, nayaunga mkono yote.

Kuhusu picha, zinasaidia sana mradi zote zipigwe kwa namna ileile. Simu iwe juu ya stendi, lenzi iwe usawa wa bega, umbali mita 3, na utie alama ya gundi sakafuni kwa stendi na kwa visigino vya mteja. Simu ikiinama kidogo tu, kichwa kitaonekana kimesogea. Bandika kidoti chenye rangi kwenye pingili ya 7 ya shingo, piga kwa ubavuni, kisha chora mstari kutoka kwenye kidoti hadi kwenye kile kinundu kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio. Pembe kati ya mstari huo na mstari wa mlalo ndiyo unayoifuatilia: kadiri inavyopungua, ndivyo kichwa kilivyotangulia. Wengi huchukulia chini ya nyuzi 48 hadi 50 kuwa kichwa kimetangulia. Piga picha 3 mfululizo, kila moja baada ya kukanyaga upya palepale, uchukue wastani. Zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe kwa nyuzi 3, basi badiliko la nyuzi 2 baada ya masaji usilihesabu. Hapo ndipo utajua kama ni jicho lako au ni mteja. Ridhaa ya mteja iandikwe kabla ya picha, na uso uzibwe.

Kwenye fomu acha maneno kama "kidogo" na "sana." Andika namba na hali: "kisogo hadi ukutani sm 4, kidevu usawa, kugeuka kulia nyuzi 55, mabega yakibebwa 70, maumivu 6 kati ya 10 mwisho wa kugeuka." Baada ya masaji rudia vipimo viwili tu, vile vilivyokuwa vibaya zaidi mwanzoni. Ukirudia vyote mteja anachoka na shingo inaanza kujilinda upya.

pingili24

Nyongeza fupi kuhusu kitanda, kwa sababu kipimo kizuri kinaweza kupotea hapo. Aliyepimwa sm 4 kisogoni, akilala kifudifudi na kiegemeo cha uso kikiwa usawa wa kitanda, shingo yake inalazimika kujikunja nyuma muda wote. Inamisha kiegemeo kidogo kuelekea chini mpaka nyuma ya shingo ionekane ndefu na ngozi chini ya kisogo isiwe na mikunjo, weka taulo lililokunjwa chini ya kifua cha juu, na mto chini ya vifundo vya miguu. Akilala chali, ongeza taulo moja moja chini ya kisogo hadi paji la uso na kidevu viwe usawa, kisha andika ni mataulo mangapi. Akirudi, anza na idadi hiyo, ujaribu kupunguza moja.